Simu ya Waya na Simu ya Intaneti

Mfugaji mwenye busara anunuapo ng'ombe hatosheki na kuyatazama maziwa ya msimu wa mvua. Huuliza pia habari za kiangazi. Ng'ombe ajazaye kibuyu nyasi zikiwa tele, kisha akakauka jua liwakapo, ana thamani yake, lakini si thamani ile aliyotajiwa mnunuzi sokoni. Hivyo ndivyo kipasavyo kupimwa kila chombo kinachotegemewa na watu wa nyumba, na chombo nitakacho tukipime pamoja leo, msomaji, ni simu ya nyumbani.

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja simu ya nyumbani ilikuwa ya namna moja tu. Ilikuwa chombo kilichowekwa juu ya meza au kutundikwa ukutani, nacho kilifungwa kwa waya wa shaba uliotoka nyumbani ukaenda mpaka kituo cha simu cha mji. Leo iko namna ya pili. Sauti ya msemaji hupita katika intaneti, njia ile ile ipitishayo barua, picha, masomo na michezo. Katika Marekani na Ulaya mamilioni ya watu wametakiwa kuchagua baina ya namna hizi mbili, na wengine wamehamishwa kutoka ya kwanza hadi ya pili bila ya kuulizwa sana. Walio wengi hutazama bei, na bei ni jambo la haki kutazamwa. Lakini mizani ina vitanga viwili. Katika kitanga kimoja mna bei na starehe za kila siku. Katika cha pili mna siku ya taabu. Historia ya simu yaweza kutufundisha kuvisoma vyote viwili.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Alexander Graham Bell alizaliwa Edinburgh, katika nchi ya Scotland, mwaka wa 1847. Alihamia Amerika akawa mwalimu wa viziwi katika mji wa Boston, na mama yake mwenyewe alikuwa na uziwi. Kazi ya kuwafundisha wasiosikia ilimfanya aichunguze sauti kuliko watu wengi wa zama zake. Tarehe 7 Machi 1876 serikali ya Marekani ilimpa hataza, yaani hati ya kuulinda uvumbuzi wake, na siku tatu baadaye sauti yake ilipita katika waya ikafahamika kwa msaidizi wake, Thomas Watson, aliyekuwa katika chumba kingine.

Simu za kwanza zilikwenda mbili mbili: moja kwako na moja kwa yule uliyetaka kusema naye, na waya mmoja baina yenu. Mwenye kutaka kusema na watu kumi alihitaji nyaya kumi. Shida hiyo iliondoka tarehe 28 Januari 1878, kilipofunguliwa kituo cha simu katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, chenye wateja 21. Kila mteja alikuwa na waya mmoja tu wa kufika kituoni, na pale kituoni opereta aliunganisha waya wa huyu na waya wa yule kila walipotaka kuzungumza. Hapo ndipo simu ilipoacha kuwa kitu cha ajabu ikawa huduma ya mji.

Sasa angalia jambo moja dogo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Katika siku hizo za kwanza kila nyumba yenye simu ilikuwa na betri yake, na simu nyingi zilikuwa na mkono wa kuzungusha ili kukiita kituo. Betri ilipochoka, simu ilinyamaza. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mlinzi wa nguvu ya simu yake. Katika miaka ya 1890 mafundi walibuni utaratibu ulio bora zaidi. Waliziondoa betri majumbani, wakaweka moja kubwa pale kituoni, ikawa inapeleka umeme kidogo katika waya ule ule uliochukua sauti. Baadaye vituo viliwekewa na jenereta, ili umeme wa mji ukikatika betri zisiishiwe.

Mabadiliko hayo hayakupigiwa tarumbeta, lakini yalikuwa makubwa. Tangu hapo mwenye nyumba hakuwa na haja ya kufikiri habari ya nguvu ya simu. Taa zilizimika, jiko la umeme likapoa, redio ikanyamaza, lakini ukiinua mkono wa simu ulisikia mlio wake kama kawaida. Tena waya ulikuwa na faida ya pili: ulikuwa na mwanzo na mwisho. Kampuni ilijua waya huu wamalizikia katika nyumba gani, ya barabara gani, kwa kuwa fundi wake ndiye aliyeufunga pale. Simu, kwa hiyo, ilikuwa na nguvu isiyotoka nyumbani na anwani isiyohama.

Thamani ya mambo hayo mawili ilionekana siku za hatari. Mwezi wa Novemba 1935 nyumba moja iliungua katika barabara ya Wimpole Street, mjini London, wakafa wanawake watano. Jirani mmoja alikuwa ameuona moto akapiga simu, lakini mwito wake ukawekwa katika foleni pamoja na miito mingine ya kawaida, naye akangoja huku nyumba inawaka. Aliandika gazetini kulalamika, na Bunge likaichukua habari hiyo. Matokeo yake yalikuwa namba 999, iliyoanza kutumika London tarehe 30 Juni 1937. Mtu alipoipiga, taa nyekundu iliwaka na king'ora kikalia pale kituoni, opereta akauacha mwito mwingine wowote. Wamarekani walifuata wakati wao ulipofika: mwito wa kwanza wa namba yao 911 ulipigwa katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968. Nasi katika Kenya tuliirithi namba 999, na mpaka leo hufundishwa watoto shuleni.

Hizo ni sifa za waya. Lakini mpimaji wa haki hataji sifa akaficha kasoro. Kasoro kubwa ya simu ya waya ilikuwa gharama, na gharama hiyo ilitokana na namna yake ya kufanya kazi. Watu wawili walipozungumza, njia yote baina yao ilikuwa mali yao kwa muda wote wa mazungumzo, hata waliponyamaza kutafuta la kusema. Hapana mtu mwingine aliyeweza kuitumia. Ni sawa na kufungiwa barabara ya Nairobi hadi Mombasa kwa ajili ya gari lako peke yako, mpaka utakapofika. Haishangazi basi kwamba simu ya kwanza ya biashara baina ya London na New York, iliyokwenda kwa redio mwaka wa 1927, ilitozwa pauni 15 kwa dakika tatu. Hata ulipolazwa waya wa kwanza wa simu chini ya bahari ya Atlantiki, ukafunguliwa mwezi wa Septemba 1956, uliweza kuchukua mazungumzo 36 tu kwa wakati mmoja. Watu wa mabara mawili waligombea nafasi 36.

Mnamo miaka ya 1960 wataalamu wawili, kila mmoja kwa njia yake, walifikiri habari ya kuivunja desturi hiyo. Paul Baran alikuwa Marekani, na Donald Davies alikuwa katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza. Fikira yao ilikuwa hii: ujumbe usifungiwe njia nzima, bali ukatwekatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani ya kule kiendako, kisha vyote viachiwe kupita katika njia yoyote iliyo wazi, vikachanganyika na vipande vya watu wengine, na vikifika vipangwe tena kwa zamu. Davies ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulipita kwa utaratibu huo baina ya kompyuta mbili za California, katika mtandao ulioitwa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo.

Pakiti zilibuniwa kwa ajili ya maandishi na hesabu. Maandishi yana uvumilivu. Kipande kimoja kikichelewa nusu sekunde, msomaji hana habari. Sauti haina uvumilivu huo. Neno likichelewa zaidi ya sehemu chache za kumi za sekunde, wasemaji wawili huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenziwe amenyamaza. Hata hivyo katika mwaka wa 1974 watafiti wa Marekani walifaulu kusemezana kwa pakiti kupitia ARPANET. Mwezi wa Februari 1995 kampuni ya VocalTec ya Israeli ilitoa programu ya kuwawezesha watu wa kawaida kuzungumza kwa intaneti, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake. Mwezi wa Agosti 2003 ikatokea Skype, ambayo ilienea duniani kabla ya kufungwa mwezi wa Mei 2025. Nyuma yake walikuja wengi, na katika nyumba nyingi za Marekani na Ulaya kampuni za intaneti zikaanza kumwambia mteja: acha waya wako wa zamani, nasi tutakupa simu katika intaneti yako kwa bei ndogo.

Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Mtu aliyekuwa na mwana ng'ambo alianza kusema naye saa nzima kwa gharama ambayo zamani isingenunua hata dakika tatu. Aliyehama mji aliweza kwenda na namba yake. Aliyekuwa safarini aliweza kuijibu simu ya nyumbani akiwa mahali pengine. Sauti yenyewe, intaneti ikiwa nzuri, hupita ikiwa na ukamilifu zaidi, kwa sababu simu ya zamani iliyakata mawimbi ya sauti yaliyo mazito sana na yaliyo membamba sana. Katika kitanga cha kila siku, msomaji, simu ya intaneti imeelemea, wala hakuna haja ya kubishana.

Tutazame basi kitanga cha pili. Mwezi wa Februari 2005, katika mji wa Houston, jimbo la Texas, majambazi waliingia katika nyumba moja wakawapiga risasi baba na mama. Binti yao aliikimbilia simu akapiga 911. Simu ile ilikuwa ya intaneti. Badala ya kumsikia mtu wa kumsaidia, alisikia sauti iliyorekodiwa ikimwarifu kwamba huduma ile haipatikani kutoka simu hiyo. Ilimbidi atoke akimbilie kwa jirani.

Fikiri, msomaji, kisa hicho kilitokana na nini. Hakikutokana na waya kukatika wala mitambo kuharibika. Simu ilikuwa nzima, na jana yake labda ilikuwa imetumika kwa maongezi ya furaha. Kilichokosekana ni ile anwani isiyohama. Pakiti ya sauti haijui imetoka katika nyumba ya nani. Namba ya Houston yaweza kuitika Chicago au hata nje ya nchi. Jambo ambalo waya ulilijua bila ya kuambiwa, intaneti haikulijua mpaka mtu ailazimishe ilijue. Ndipo mwezi wa Mei mwaka ule ule Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipoziamuru kampuni za simu za intaneti zihakikishe kwamba mwito wa 911 wafika mahali pake pamoja na anwani ya mpigaji, nazo zikapewa siku 120. Lakini anwani hiyo hutegemea mteja mwenyewe kuiandikisha, na kuiandikisha upya kila ahamapo. Asahauye kufanya hivyo, msaada hupelekwa katika nyumba aliyoihama.

Jambo la pili ni nguvu. Nimekuambia kwamba miaka ya 1890 betri iliondolewa nyumbani ikapelekwa kituoni. Simu ya intaneti imeirudisha nyumbani. Ile ruta ndogo yenye taa zinazometameta hupata umeme wake katika ukuta wa nyumba, na umeme ukikatika, ruta huzimika na simu huzimika pamoja nayo. Wala si ukaidi wa kampuni peke yake. Nyaya mpya za intaneti ni nyuzi za kioo, nazo huchukua mwanga. Kioo hupitisha mwanga kwa wepesi wa ajabu, lakini hakipitishi umeme. Kwa hiyo hata kituo kingetaka kukupelekea nguvu kama zamani, hakina njia ya kuipitishia.

Uingereza imelijua jambo hilo kwa taabu. Kampuni za simu za nchi hiyo ziliazimia kuzima mtandao wa zamani na kuwahamisha wateja wote katika intaneti kufikia mwisho wa mwaka 2025. Kazi ikiwa katikati, tarehe 26 Novemba 2021 ilivuma dhoruba iliyopewa jina la Arwen. Nyumba kama milioni moja zilikosa umeme, na maelfu kati yake zilikaa gizani kwa zaidi ya wiki moja, katika baridi ya Scotland na kaskazini ya Uingereza. Mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, ilikuwa imeelekeza tangu 2018 kwamba mteja asiye na njia nyingine apewe uwezo wa kuomba msaada kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika. Pima mwenyewe: saa moja kwa wiki moja. Watu walilalamika, na mwezi wa Machi 2022 kampuni kubwa ya BT ikasimamisha kwa muda kazi ya kuwahamisha wateja wa majumbani.

Tena walikuwako wazee na wagonjwa. Nchini humo watu kama milioni 1.8 hutumia kifaa kidogo kinachovaliwa shingoni au mkononi. Mzee akianguka, hubonyeza kitufe, na mwito huenda kwa simu mpaka kwa watu wa kumsaidia. Vifaa vingi vya namna hiyo vilitengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba. Vilipounganishwa na simu mpya, vingine havikufanya kazi, na mwenye kifaa hakujua mpaka siku ile alipokihitaji. Mwezi wa Desemba 2023, baada ya kutokea mikasa mizito, serikali na kampuni zilikubaliana kwamba wateja wa namna hiyo wasihamishwe kwa lazima mpaka ithibitike kwamba vifaa vyao vyafanya kazi. Katika mwaka 2024 siku ya kuuzima mtandao wa zamani ikasogezwa mpaka Januari 2027.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Huenda ukadhani nimekuandikia habari zote hizi ili kuutetea mbacha. Sivyo. Mbacha nao huchakaa. Waya wa shaba huliwa na maji na kutu, mitambo ya zamani haiundwi tena, na mafundi walioijua wamestaafu. Nchi itakayotaka kuihifadhi milele itaihifadhi kwa gharama itakayozidi mwaka hadi mwaka. Tena hata mwenye waya hakuwa salama kila wakati: mti ulioanguka juu ya nyaya ulizikata, na aliyenunua simu isiyo na kamba, yenye kitako cha kuchomekwa katika umeme, aliipoteza ile faida ya kituo bila ya kujua. Ubaya wa yaliyotokea Houston na Uingereza haukuwa kubadili chombo. Ulikuwa kuhama na chombo kipya huku watu wanadhani kimebeba ahadi zote za kile cha zamani, na hali ahadi mbili zilikuwa zimebaki nyuma.

Wala usiseme kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali. Simu za umma zilianza katika Nairobi na Mombasa mwaka wa 1908, lakini waya haukupata kuwa mali ya wananchi wote wa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu. Mwaka 1999 shirika hilo likagawanywa, na simu zikawa za Telkom Kenya. Wakati huo nchi ilikuwa na laini za waya kama 300,000 kwa watu zaidi ya milioni 28, yaani laini moja kwa watu mia hivi, na nyingi zilikuwa mijini. Waombaji walisubiri kwa miaka. Wezi nao wakazikata nyaya ili wauze shaba. Simu ya mkononi ilipoenea tangu mwaka 2000, Wakenya hawakukaa barazani kupima. Waliikimbilia, kwa kuwa wengi hawakuwa na mbacha wa kuuacha. Leo simu za waya zimebaki chache mno.

Basi swali la kupima halikutupita? Limekuja kwa mlango mwingine. Katika mwaka 2009 nyaya kubwa za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na tangu hapo nyuzi za kioo zimekuwa zikiingia katika nyumba za mijini, na ndani yake simu ya intaneti. Watu wengi sasa huongea na jamaa zao kwa njia hiyo kuliko kwa njia nyingine yoyote. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Usiku huo kila ruta isiyokuwa na betri ya akiba ilizimika, na simu iliyoitegemea ilizimika pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika Kenya, Tanzania na Uganda. Wenye kutegemea njia hiyo peke yake waliuona udhaifu wake.

Simu ya mkononi hutusaidia sana hapa, kwani ina betri yake, na minara mingi ina betri na jenereta zake. Kwa namna fulani imeirithi kazi ya kile kituo cha zamani. Lakini nayo ina kiangazi chake: betri iliyokwisha jioni haimwiti daktari usiku, na mnara uliokosa umeme kwa muda mrefu huishia kunyamaza.

Hukumu yangu ni hii. Kwa matumizi ya kila siku, simu ya intaneti imeishinda simu ya waya, na mahali ambapo hakuna waya haifai kuulilia. Lakini kazi mbili ambazo kituo cha simu kilimfanyia mwenye nyumba kwa zaidi ya miaka mia moja, bila ya kuombwa wala kushukuriwa, sasa ni kazi zake mwenye nyumba. Marekani yenyewe imelikiri jambo hilo: mwezi wa Agosti 2015 Tume ya Mawasiliano iliziagiza kampuni ziwe tayari kumwuzia mteja betri ya akiba ya saa 8, na baadaye ya saa 24, lakini mnunuzi alikuwa mteja, kwa fedha zake. Bei ndogo ya simu mpya, basi, haijakamilika mpaka uongeze bei ya betri hiyo.

Kwa hiyo nyumba yenu itakapofikiri habari ya simu, nawe huenda ndiwe msomi utakayeulizwa, usisome karatasi ya bei peke yake. Uliza maswali matatu. Umeme ukikatika usiku, simu hii itaendelea kwa saa ngapi, na nguvu yake itatoka wapi? Nikiomba msaada, anayenisikia atajua nipo wapi? Na njia hii ikifungika, ipo njia nyingine iliyo tayari? Ruta na iwekewe betri ya akiba. Simu moja ya mkononi na ilale imejaa chaji, hasa katika nyumba yenye mzee, mgonjwa au mama mjamzito. Kifaa chochote kinachotegemea simu na kijaribiwe siku ile ile simu inapobadilishwa.

Nalo swali la pili lina jibu linalokuhusu wewe mwenyewe zaidi. Nyumba zetu nyingi hazina namba, wala barabara zake hazina majina yaliyoandikwa. Waya ulijua nyumba, pakiti haijui, na opereta aliye mbali hawezi kuibahatisha. Mtoto wa nyumba ambaye aweza kusema kwa maneno machache na kwa utulivu, kata yetu ni hii, shule iliyo karibu ni hii, kutoka shule fuata njia hii mpaka mahali hapa, ndiye aliye badala ya ule waya. Jifunze maneno hayo leo, uyaandike, uyabandike ukutani pamoja na namba za msaada, na uwafundishe wadogo zako.